Mzizi Ulioandikwa Kabla ya Majani

Sauti iliyonishtua kwanza ilikuwa ndogo kuliko mlio wa kitasa. Ilikuwa "tak" moja, kavu, iliyotoka ndani ya sanduku la kompyuta kabla ya mkwaruzo ambao ilipaswa kuufuata.

Naeleza kwa utaratibu, kwa kuwa utaratibu ndio uliokuwa kosa. Diski ya mashine ile ilikuwa na sauti mbili. Kichwa chake kilipoandika kurasa zilizotawanyika kilikwaruza mfululizo, krrr, kama mtu anayeparua masizi chini ya sufuria. Kilipomaliza kilirudi ukingoni mwa diski kuandika kitu kimoja tu, na hapo kiligonga mara moja. Krrr, kisha tak. Nilikuwa nimeisikia ikifanya hivyo kwa miezi mingi, mara mamia kwa siku, hata nikaacha kuisikia. Alasiri ile ikafanya tak, kisha krrr, na vidole vyangu vikasimama juu ya vitufe.

Mama mmoja aliyekuwa dirishani pa ofisi ya shule, akingoja karatasi ya mwanawe, aliniona.

"Mademoiselle, iko namna gani? Courant?"

"Hapana, Mama. Umeme iko."

"Basi andika. Treni haitangoya weye kufikiri."

Wenzake kwenye foleni wakacheka kidogo. Niliandika katika daftari langu: *Tak kabla ya mkwaruzo. Mara moja tu? Sikio?* Nikaweka alama mbili za kuuliza, nikaendelea kuchapa. Daftari hilo ninalo hadi leo. Ukurasa huo nimeukunja ili nisiufungue kwa bahati mbaya.

Nilikuwa nimerudi Likasi, mji wetu wa migodi, kutoka Lubumbashi na shahada ya kwanza, nusu ya tasnifu ya shahada ya pili, na sanduku la disketi. Chuo kilikuwa kimesimama. Wahadhiri hawakulipwa, maktaba ilikuwa na rafu nyingi kuliko vitabu, na profesa aliyenisimamia alikuwa ameondoka kwenda Ulaya kwa wiki tatu ambazo hazikuisha. Aliniachia mfumo mdogo wa kuendeshea kompyuta, ulioandikwa kwa ajili ya wanafunzi na wenye msimbo ulio wazi kusomwa, pamoja na swali moja: je, inawezekana kuhifadhi mafaili kwa namna ambayo umeme ukikatika katikati ya kuandika, hakuna kinachopotea?

Katika mji wetu hilo halikuwa swali la kitabuni. Tulikuwa tumekua tukiamini kwamba umeme wa bwawa la Mwadingusha ni kama hewa. Sasa ulikuja na kuondoka, na kila ulipoondoka uliacha mafaili yaliyoandikwa nusu, nusu mapya na nusu ya zamani, yasiyosomeka. Shule moja ya masista ilikuwa na kompyuta iliyotumwa na wafadhili, na ilikuwa imekwisha kupoteza alama za muhula mzima kwa njia hiyo. Sista mkuu alinipa ufunguo wa chumba. Ningeandika mfumo wangu wa mafaili pale na kuujaribu pale. Nami ningetunza rejesta ya wanafunzi.

Msingi wa mfumo ule ni rahisi kusema. Usiandike kamwe juu ya kilichopo. Ukitaka kubadili ukurasa, nakili ukurasa huo mahali patupu, ukiwa na mabadiliko yake. Kisha nakili tawi linaloonyesha ukurasa ulipo, kisha tawi la juu yake, hadi ufike kwenye mzizi, ambao ndio unaosema mti mzima unaanzia wapi. Mzizi unaandikwa mwisho. Hadi sekunde hiyo ya mwisho, mti wa zamani uko mzima, haujaguswa. Umeme ukikatika, unaamka jana, si katika kifusi.

Niliyemweleza hayo kwanza alikuwa mwalimu wa elektroniki wa shule ile, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, aliyezaliwa Likasi katika kambi ya wafanyakazi, kwa baba aliyeletwa kutoka Kasai kufanya kazi kiwandani zamani za Wabelgiji. Nilimwita Yaya, kama mtu anavyomwita kaka mkubwa. Yeye aliniita Mademoiselle Thèse, Bibi Tasnifu. Alinisikiliza hadi mwisho, akiwa na bisibisi sikioni kama kalamu ya seremala.

"Alors, mashini yako haizime mbabula ya zamani mbele mupya iwake," alisema, yaani jiko la mkaa la zamani halizimwi kabla jipya halijawaka.

"Ni hivyo, Yaya. Kabisa."

"Basi thèse ya nini? Mama yangu alikuwa docteur zamani, ila hakujua."

Lakini alirudi kesho yake, na keshokutwa. Alijifunza kuandika msimbo kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia, polepole, bila kukosea. Wazo la mizizi miwili lilikuwa lake: tuwe na nafasi mbili za mzizi, tuandike kwa zamu, na kila mzizi ubebe namba yake na hesabu ya kuuhakiki, ili mmoja ukiharibika wakati wa kuandikwa tuushike mwingine. Sehemu hiyo aliiandika yeye, na ilikuwa safi kuliko sehemu zangu zote. Pia ndiye aliyenifundisha kusikiliza diski. "Mashini yote inaimba," alisema. "Ukijua wimbo wake, utasikia siku inakosea." Tulikuwa tukichomoa waya ukutani makusudi, mara kumi, mara ishirini kwa alasiri moja, tukiwasha tena na kuhesabu mafaili. Hayakupungua. Siku ya jaribio la mia alileta karanga katika gazeti, tukazila zote.

Kwa kuwa hayakupungua, shule iliamini. Karatasi zilikuwa adimu. Walimu waliacha kunakili alama katika madaftari makubwa, na karatasi za mitihani ziligeuzwa upande wa pili zikaandikiwa tena. Disketi za akiba tulikuwa nazo, lakini nakala za mwisho zilikuwa za mwanzo wa mwaka, na mvua zilipokuja, nyingi zikaota ukungu. Niliona hatari hiyo. Niliiandikia aya tatu katika daftari. Sikufanya lolote zaidi ya aya tatu.

Kisha mji ukaanza kusema kwa sauti maneno ambayo awali yalisemwa jikoni. Watu wenye asili ya Kasai waambiwe waende kwao. Majirani tuliokula nao Noeli wakaitwa wadudu. Nyumba zilipigwa mawe, milango ikang'olewa, na familia zikakimbilia gare, kituo cha treni, zikakaa pale kwa wiki na miezi chini ya turubai, zikingoja treni ambazo hazikuwa na ratiba. Yaya naye, ambaye Kasai alikuwa ameiona mara moja tu, katika mazishi ya babu yake, alihamia gare na mkewe, mama mkwe wake na binti yake, wakiwa na magodoro mawili na redio isiyo na betri. Kwa siku kadhaa aliendelea kuja kazini kwa miguu, hadi vijana walipomzuia njiani na kumvua viatu. Hakuja tena.

Ndipo foleni ilipoanza dirishani kwangu. Kila mzazi aliyekuwa akiondoka alitaka attestation ya mtoto wake: karatasi moja yenye jina, darasa na alama, ambayo shule ya huko wanakokwenda ingeikubali. Bila hiyo mtoto angeanza upya au asianze kabisa. Na kila karatasi ilihitaji kusahihisha rejesta, kuhifadhi, kuchapa. Kuhifadhi kulichukua karibu dakika nzima, maana kichwa cha diski kilikwenda huku na huko kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Watu waliokuwa kwenye foleni hiyo waliikosa foleni ya gare. Mwanamume mmoja aliambiwa akiwa mbele ya dirisha langu kwamba treni imejaa, familia yake imepanda bila yeye. Aliondoka akikimbia, akaacha karatasi.

Nilitaka kuharakisha. Hiyo ni kweli, na naiandika ili iwepo, si ili initetee. Katika siku mbili nikaandika marekebisho: badala ya kupeleka kurasa kwenye diski moja moja, nizikusanye zote pamoja, nizipange kwa namba za nafasi zake, ndogo hadi kubwa, kisha nizipeleke kwa mkupuo mmoja. Kichwa kingekwenda mwendo mmoja, mbele tu. Dakika ikawa sekunde kumi. Nilifurahi, na furaha ile ilikuwa ya mtu aliye peke yake. Sikuwa na wa kunikagua. Sikujiuliza mzizi una namba gani. Mizizi yetu miwili ilikaa mwanzoni kabisa mwa diski, nafasi ya kwanza na ya pili. Ukipanga kwa namba, kilichopaswa kuandikwa mwisho kinaandikwa kwanza.

Siku ya pili ya kuyatumia marekebisho ndipo sikio langu liliponasa ile tak.

Siku ya tatu nilichapa attestation ya binti yake Yaya. Aliniletea ombi mama mmoja kutoka gare, kwa mdomo. Niliichapa mimi, nikaitia muhuri mimi, nikaikunja ndani ya kitabu cha sala, nikaenda nayo kwa miguu. Gare ilikuwa inanuka mkojo na moshi wa mbao za rangi. Watu walikuwa wakichoma fremu za milango yao wenyewe. Palikuwa na kikohozi kila upande. Yaya alikuwa amekonda. Alivaa kandambili mbili zisizofanana. Mama mkwe wake alikuwa amelala akitazama turubai, na binti alikuwa akimpepea kwa kifuniko cha sufuria.

Alisoma karatasi, herufi kwa herufi, kama msimbo.

"Électronique, banamupatia moja chini," alisema.

"Ni weye ulimupatia, Yaya."

"Basi nilikuwa mubaya."

Binti akasema bila kugeuka, "Ulikuwa mubaya." Yaya akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi.

Kisha akaniuliza habari za mashine. Nikamwambia kwamba nimeongeza kasi, kwamba sasa inapeleka kurasa zote kwa mpangilio. Aliinamisha kichwa upande mmoja kama alivyofanya alipofikiri.

"Ulisikiliza?"

"Nilisikiliza."

"Inaimba muzuri?"

Daftari lilikuwa mkobani mwangu. Nilikuwa na hakika ya nusu, na nilikuwa nimezoea kutosema jambo ambalo lina hakika ya nusu. Nilijiambia pia kwamba mtu anayelala juu ya mawe ya reli hapaswi kubebeshwa wasiwasi wa diski. Fikra hizo zote zilipita kwa mpangilio mzuri, na kila moja ilikuwa na sababu yake.

"Inaimba muzuri, Yaya."

"Bon," akasema. Treni iliwachukua kesho yake, juu ya mabehewa ya wazi ya kubebea madini.

Siku mbili baada ya hapo, saa nne asubuhi, kidhibiti cha umeme kilianza kupiga kelele za haraka, taa ikawa nyekundu, ikafa. Nilikuwa katikati ya kuhifadhi. Sikuogopa. Tulikuwa tumechomoa waya ule mara mia moja. Umeme ukarudi baada ya saa moja, nikawasha, na orodha ya madarasa ikatokea nzima. Nikaita mzazi aliyefuata kwenye foleni, nikamwandika mwanawe, nikahifadhi. Nikamwita wa pili, na wa tatu. Wa nne, nilipofungua ukurasa wake, nilikuta jina la wa kwanza, na chini yake herufi zisizo za lugha yoyote.

Kilichotokea kinaelezeka kwa sentensi chache, na niliweza kuzisema siku tatu baadaye. Mzizi mpya ulikuwa umeandikwa kwanza, umeme ukakatika, majani yake hayakuandikwa kamwe. Mashine ilipoamka ilikuta mzizi mzima, wenye namba kubwa na hesabu sahihi, ikauamini. Na kwa kuwa kila kisichoshikwa na mzizi ni takataka, ikaufagia mti wa zamani kuwa nafasi tupu. Kisha mimi, kwa mkono wangu, nikaandika wanafunzi watatu juu ya nafasi hiyo. Mizizi miwili ya Yaya ilifanya kazi yake sawasawa. Iliulizwa tu swali la uongo.

Lakini mkutano wa walimu ulikuwa siku ileile, alasiri, kabla sijajua. Hilo nalo ni kweli. Sista mkuu alikaa mwisho wa meza, mikono ndani ya mikono ya kanzu. Alama za miaka miwili zilikuwa zimekwenda. Nje, dirishani, foleni ilikuwa bado ipo. Hakuna aliyekuwa ameiambia.

"Ile mashini, nani anaijua?" aliuliza mkuu wa masomo. "Bantu babili tu."

"Moja eko hapa, macho nyekundu," akajibu mwalimu wa jiografia. "Mwingine eko mu treni, na attestation ya mutoto wake mu mufuko."

"Ilitoka siku gani?"

"Siku moja mbele ya treni. Yake kwanza, halafu tout est mort, yote inakufa."

"Voilà. Tungemukamata, angekuwa mu gereza ya Buluo na bezi benzake."

Mtu mmoja alicheka. Sista alininyooshea kiganja, kwa upole. Alizungumza Kiswahili cha vitabu, alichojifunza ukubwani.

"Binti yangu, wewe ndiwe unayejua. Je, yawezekana mtu aliharibu kwa makusudi?"

Nilifikiria swali hilo kwa uaminifu. Naapa kwamba nilifikiria tu swali hilo. Nikajibu, "Ma Sœur, kwa sasa siwezi kuthibitisha, wala siwezi kukanusha."

Lilikuwa jibu sahihi kwa asilimia mia. Chumba kizima kilipumua, kama chumba kilichopewa ruhusa. Sista akaandika kitu. Nilingoja mtu aulize nani aliyechapa attestation ile, nani aliyeitia muhuri. Jibu nilikuwa nalo ulimini. Hakuna aliyeuliza, nami nikaona kutoulizwa ni kama kutohusika. Jioni nilitoka kuiambia foleni. Mama mmoja alinisikiliza hadi mwisho, akafunga kitambaa chake upya kichwani, akasema, "Basi mutoto wangu hakusoma." Akaenda.

Siku ya tatu nikalipata kosa. Nililipata kwa kuchomoa waya, mara ya sita. Marekebisho yake yalikuwa mistari miwili: andika majani na matawi, ngoja diski ijibu kwamba yamefika, ndipo uandike mzizi. Baadaye nikaongeza kwamba mashine ikiamka isifagie kitu kabla ya kuutembelea mti wote hadi jani la mwisho. Mfumo ukawa imara kwelikweli. Niliukatia umeme mara mia tano, haukupoteza hata herufi. Katika sura ya nne ya tasnifu niliandika: *Kasoro ya mpangilio wa uandishi iligunduliwa na kurekebishwa.* Nani aliiweka, nani aligundua lini, nani alisingiziwa, sentensi ile haikuhitaji.

Nilimwambia baba yangu tu. Alikuwa amefanya kazi tanurini miaka ishirini na saba, na sasa alikaa uani akilima mihogo mahali palipokuwa na maua ya mama. Alisikiliza akiendelea kupalilia.

"Ulisema ku masœur?"

"Bado, Papa."

"Usiseme." Aling'oa jani, akalitazama mizizi. "Ukisema ni weye, batauliza ju ya nini ulinyamaza. Batasema banakununua. Batakuya hapa na mawe, sawa vile balienda kule. Yeye eko mbali. Jina haiwezi kuuma muntu eko mbali."

"Inauma, Papa."

"Basi ikuume weye. Usiku utalala."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amemficha jirani yetu mmoja ndani ya ghala la mihogo kwa siku tatu, na mpaka alipokufa hakupenda litajwe. Alijua tu bei ya kusema, na nilikuwa nimemwuliza akiwa amechoka. Nilinyamaza mwaka mmoja na miezi. Sista mkuu alihamishiwa nyumba ya shirika lake Lubumbashi. Nilihama dirisha, nikahamia meza ya nyuma. Nililala vibaya na kufanya kazi vizuri.

Barua yake Yaya ililetwa na dereva wa lori, imekunjwa mara nane. Kifaransa juu, Kiswahili katikati, Kifaransa mwisho. Mama mkwe alifia njiani. Walimzika kando ya reli wakati treni imesimama, na hakuweza kuniambia ni karibu na wapi. Binti alikuwa amekubaliwa shuleni kwa karatasi niliyomchapia. Yeye mwenyewe alikuwa akifundisha katika shule hiyohiyo, kwa majaribio, na sasa mkuu wa shule alitaka barua ya ushuhuda kutoka kwa mwajiri wake wa zamani. Sista alikuwa amemjibu, kwa heshima, kwamba baada ya kupotea kwa alama zile dhamiri haimruhusu. Bila barua hiyo, mwisho wa muhula angeondolewa.

Nilidhani aya iliyofuata itakuwa ya hasira. Nilitamani iwe.

*Mademoiselle Thèse,* aliandika, *siwahukumu. Nimefikiri sana juu ya mizizi yangu miwili. Hapa sina kompyuta, ninahesabu kwa mkaa ukutani. Naamini nilikosea katika kuchagua mzizi wa kuamini wakati wa kuwasha. Kama ni hivyo, watoto wale walipotea kwa mkono wangu, ingawa si kwa makusudi. Niandikie kosa liko mstari gani. Nitamwandikia Sista mwenyewe na kukiri uzembe. Uzembe si uhalifu, labda atanisamehe. Na wewe uitoe sehemu yangu katika tasnifu, isije ikakuharibia.*

Niliisoma nikiwa nimesimama. Nikakaa chini. Nikaisoma tena nikitafuta kejeli, sikuikuta. Mtu alikuwa ametumia mkaa wake wa kupikia kutafuta kosa langu ndani ya kazi yake.

Hata hapo sikwenda mara moja. Njia ya kawaida ya kuzungumza na Lubumbashi ilikuwa redio ya misheni, ile tunayoiita phonie, na kwenye phonie kila kituo kinasikia: misheni zote, hospitali, walimu, wapishi wa mapadri. Ukimaliza sentensi unasema "à vous", yaani zamu yako, na nusu ya mkoa inangoja jibu pamoja nawe. Nilikwenda mara mbili. Mara ya kwanza niliuliza habari ya vitabu. Mara ya pili niligeuka mlangoni. Niliandika barua, kurasa sita, zenye mchoro wa mti, nikazichana, maana nilipozisoma zilikuwa ni utetezi. Nilipanga kusafiri. Nilipanga kungoja matokeo ya tasnifu. Muhula ulikuwa umebakiza wiki mbili.

Simu za mji zilikuwa zimekufa, waya zake zimeng'olewa na kuuzwa kama shaba. Ilibaki moja inayofika Lubumbashi, katika ofisi ya msafirishaji mmoja, na mtu aliweza kuiomba asubuhi. Nilikwenda Jumanne. Kulikuwa na benchi lenye watu wanne wakingoja zamu, na karani aliyekuwa akila muhogo.

"Ongea juu," alisema. "Laini iko kiziwi. Na usikawie, saa tano inakufa."

"Hakuna kachumba?"

"Kachumba? Iko hii." Akanionyesha kona yake ya meza. Mzee mmoja kwenye benchi akasogea ili nipite, akanitazama kwa hamu ya mtu asiye na gazeti.

Nilizungusha namba. Mara tatu hakuna kitu. Mara ya nne mtawa mmoja aliitika, akaenda kumwita, na nilisikia nyayo zake zikienda mbali sana, sakafu ndefu, kisha nyayo nyingine zikija polepole.

"Allô?"

Nilijitambulisha. Alinikumbuka, akauliza habari za baba. Nikamwambia kwamba ninapiga kwa ajili ya mwalimu wa elektroniki.

"Juu," karani akanong'ona.

Nikapaza sauti. Nilisema kwamba mwalimu yule hakuharibu kitu. Nilisema nilibadilisha mpangilio wa kuandika, mimi, peke yangu, kabla hajaondoka. Kwamba nilisikia dalili nikaificha, na nilipomwona gare nikamdanganya. Kwamba attestation ya binti yake niliichapa mimi na kuitia muhuri mimi. Kwamba siku tatu baada ya mkutano nilijua yote, na nimejua tangu siku hiyo. Kisha, kwa kuwa hakuwa amesema kitu, nikaanza kueleza mzizi na majani, kwa nini kimoja lazima kitangulie kingine, mistari gani miwili, jaribio la ngapi. Benchi zima lilikuwa limeacha kuzungumza. Nilikuwa nikieleza kama mtu aliye mbele ya jopo la mtihani, na nilijisikia nikifanya hivyo, na sikuweza kuacha.

"Binti yangu," akanikatiza.

"Ndiyo, Ma Sœur."

"Nilielewa tangu sentensi ya kwanza. Sasa nyamaza kidogo. Natafuta kalamu. Unitajie tena jina la shule yake."

Nikamtajia, nikipaza sauti, herufi moja moja.